Ngozi ya Mzee na Joto la Mwili: Majibu kwa Barua Zenu

Barua nne za mwezi huu zimetoka sehemu zisizofanana kwa hali ya hewa, lakini zote zinauliza jambo moja: kwa nini mzee husikia baridi wakati wa joto, husikia ahueni wakati baridi inamdhuru, na huweza kuwa mgonjwa sana bila mwili wake kupanda joto. Nimeipa nafasi kubwa barua ya kwanza kwa sababu jibu lake ndilo linalofungua njia kwa zile nyingine.

SWALI: Shikamoo daktari. Naishi Tanga na bibi yangu mzaa mama, ambaye ana miaka 81. Kipindi hiki cha kaskazi sisi wengine tunalala na feni, kanga moja tu mwilini, lakini yeye anavaa sweta, anafunga dirisha na kuniambia nizime feni kwa kuwa baridi inamwingia mifupani. Nikimshika mikono, kweli ni ya baridi. Wiki iliyopita alasiri nilimkuta kitini, midomo imekauka, ananiita kwa jina la marehemu mama yangu. Nilimvua sweta, nikamnywesha maji, na jioni akawa sawa. Ndugu wanasema huo ni uzee tu, na kwamba anayesikia baridi apewe nguo. Nimsikilize yeye au nimwashie feni? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba. Nianze na ile alasiri. Mzee anayekutwa kwenye chumba chenye fukuto, amevaa sweta, midomo imekauka na akili zimechanganyika kiasi cha kumwita mjukuu kwa jina la marehemu, hilo si suala la uzee tu. Kwa maelezo yako, inaelekea mwili wake ulikuwa umepungukiwa maji na kuanza kuzidiwa na joto, nawe ulifanya lililo sawa. Hata hivyo mpeleke akapimwe ingawa alijirudia, kwa sababu kuchanganyikiwa kwa ghafla kwa mzee huletwa pia na maambukizi, na kushuka kwa sukari, na wakati mwingine na kiharusi. Ikitokea tena, usisubiri jioni: mpeleke kituo cha afya papo hapo, huku ukimlowesha kwa maji njiani.

Sasa nije kwenye kinachokuchanganya. Mambo yote mawili uliyoyaona ni ya kweli: bibi anasikia baridi kweli, na mwili wake wa ndani una joto kweli. Ili kuelewa jinsi mambo hayo yanavyokaa pamoja, inabidi tutazame kazi ya damu kwenye ngozi.

Joto la mwili hutengenezwa ndani, kwenye ini, moyo, ubongo na misuli, na damu ndiyo inayolichukua huko na kulifikisha kwenye ngozi, ambako hutoka kwenda hewani. Kijana aliyepumzika mahali pasipo na joto wala baridi hupitisha kwenye ngozi yake yote kiasi cha robo hadi nusu lita ya damu kwa dakika. Akiingia kwenye joto kali, sehemu ya ubongo iitwayo hipothalamasi huamuru mishipa midogo ya ngozi ifunguke, na damu hiyo inaweza kufika lita 7 au 8 kwa dakika, jambo linaloulazimisha moyo kusukuma kwa nguvu na matumbo na figo kuachia sehemu ya damu yake. Baridi ikiingia, amri hugeuka: mishipa hujibana, damu hurudi ndani, na joto hubaki mwilini.

Mimi huwaeleza ndugu wa wagonjwa kwa mfano wa madirisha ya nyumba ya pwani. Nyumba ikiwa mpya, madirisha hufunguliwa yote wakati wa fukuto na kufungwa yote wakati wa mvua. Baada ya miaka mingi ya hewa ya chumvi, bawaba hushika kutu, na dirisha lile lile lisilofunguka lote ndilo lisilofungika lote. Mishipa ya ngozi ya mzee iko hivyo. Ukuta wake wa ndani hutoa kwa uchache zaidi gesi ya naitriki oksaidi, ambayo ndiyo huiambia misuli ya mshipa ilegee, na ishara nyingine za neva zilizokuwa zikisaidiana nayo hupungua nguvu, kwa hiyo mshipa wa mzee hubaki ukitegemea zaidi kile kile alichopungukiwa. Moyo nao hauongezi kasi kama zamani. Matokeo yake ni kwamba, kwenye joto linalolingana, ongezeko la damu kwenye ngozi ya mtu mwenye umri mkubwa linaweza kuwa pungufu kwa asilimia 25 hadi 50 likilinganishwa na la kijana. Hata mzee asiye na ugonjwa wowote hupata hali hiyo. Kisukari na presha huizidisha.

Jasho lina habari yake. Vitundu vya jasho havipotei sana kwa uzee, bali kila kimoja hutoa jasho kidogo kuliko zamani, na upungufu huo huanza miguuni, hupanda mgongoni na mikononi, na kichwa huwa cha mwisho. Ndiyo maana unaweza kumkuta mzee ana kijasho kwenye paji la uso huku miguu ikiwa mikavu kabisa kama imepakwa majivu. Usidanganyike na kile kijasho cha usoni ukadhani mwili mzima unajipoza.

Kwa nini basi anasikia baridi? Kwa sababu ngozi ndiyo inayoupelekea ubongo habari za hali ya hewa, na ngozi ya mikono na miguu isiyopata damu ya kutosha huwa ya baridi, hivyo ubongo hupewa habari za vidole na kudhani ni habari za mwili mzima. Zaidi ya hapo, misuli ya mzee imepungua, nayo ndiyo ilikuwa tanuri lake la ndani. Mafuta chini ya ngozi yamepungua. Na neva zinazotofautisha joto na baridi zimekuwa butu, kiasi kwamba mabadiliko ambayo wewe ungeyahisi mara moja, yeye huyahisi baada ya kuwa makubwa. Kiu nayo hupungua kwa namna hiyo hiyo. Mzee aliyekaukiwa anaweza kukuambia kwa moyo safi kwamba hana kiu.

Kwa hiyo usibishane na bibi juu ya anachokihisi, maana hasemi uongo, lakini usikitumie kama kipimo. Peleka kiganja chako kifuani au mgongoni, chini ya nguo, uache mikono yake. Ukikuta kifua kina moto na ngozi ni kavu, mwili una joto, vyovyote atakavyosema. Vitabu vingi vilivyoandikwa Ulaya vitakuambia utazame kama ngozi imekuwa nyekundu. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu huo hauonekani vizuri, na ukiusubiri utachelewa. Kipimajoto cha kwapani kinapatikana kwenye maduka ya dawa, na kwenye nyumba yenye mzee ni kitu cha lazima kama kibiriti.

Kuhusu feni, kuna njia ya kati. Mvalishe soksi na umtandie kanga nyepesi miguuni, kwa sababu miguu ikipata joto kidogo ile hisia ya baridi hupungua sana, kisha umwombe abadili sweta kwa blauzi pana ya pamba. Feni isimpulize usoni. Ielekeze ukutani au dirishani ili hewa ya chumba izunguke. Saa za alasiri, chukua kitambaa, kichovye kwenye maji ya kawaida ya mtungi, si ya barafu, umfute shingo, mikono na miguu, umwache na umajimaji huo ukauke wenyewe. Hilo ni jasho la kuazima: ngozi yake haiwezi tena kulitoa la kutosha, wewe unampa, na maji yakikauka huondoka na joto kama jasho linavyofanya. Napenda njia hii kuliko zote kwa sababu haihitaji umeme, na wazee wengi huipokea kwa furaha wakiichukulia kama kuhudumiwa, kitu ambacho ndicho hasa.

Maji mpe kwa ratiba, si kwa kiu. Kama bibi ni mtu wa swala, kikombe kimoja baada ya kila swala ni ratiba asiyoweza kuisahau, ukiongezea chai na uji wake. Akiwa na ugonjwa wa moyo au figo, muulize kwanza daktari wake kiasi gani kinamfaa. Muulize pia kuhusu vidonge anavyotumia: vidonge vya presha vinavyomkojoza mgonjwa hupunguza maji mwilini, vile vinavyotuliza mapigo ya moyo huweza kuifanya mikono na miguu iwe ya baridi, na baadhi ya dawa za usingizi, za mzio na za magonjwa ya akili huzuia jasho. Usimkatishe dawa yoyote kwa uamuzi wako. Mwisho, kama kusikia baridi huku kumeanza ndani ya miezi michache tu, aombewe kipimo cha wingi wa damu na cha tezi ya shingo, kwa maana upungufu wa damu na ulegevu wa tezi hiyo ni magonjwa yenye tiba, na mara nyingi hufichwa chini ya neno "uzee".

SWALI: Daktari, habari za kazi. Sisi tuko Njombe, na kuanzia mwezi wa sita baridi huku ni kali. Baba yetu ana miaka 78, analala peke yake kwenye nyumba ndogo uani. Asubuhi tunamkuta amepoa mwili mzima, mzito wa kuongea, lakini haombi blanketi wala hatetemeki. Anasema yuko sawa. Tumeanza kumwekea jiko la mkaa chumbani usiku na kufunga mlango ili joto lisitoke. Je, tunafanya sawa? (Wanawe, Njombe)

JIBU: Toeni jiko hilo leo, kabla hamjamaliza kusoma jibu langu. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi, na humwua mtu akiwa usingizini bila kumwamsha. Hata uzito wa kuongea mnaomkuta nao asubuhi unaweza kuwa umetokana na hewa hiyo, ukiacha baridi. Nawaomba msiache mlango wazi kidogo mkadhani mmemaliza hatari. Jiko liwake nje, lipashe maji, na maji ndiyo yaingie ndani.

Baba yenu yuko upande wa pili wa ule mfano wa madirisha. Kwa kijana, baridi ikigusa ngozi, neva humwaga noradrenalini pamoja na kemikali nyingine zinazosaidiana nayo, mishipa hujibana, na joto hufungiwa ndani; isipotosha, misuli hutetemeka ili kuzalisha joto jipya. Kwa mzee, wasaidizi hao wa noradrenalini hupungua sana, mshipa haujibani vya kutosha, na joto huendelea kuvuja kupitia ngozi usiku kucha. Kutetemeka nako huanza kwa kuchelewa na huwa dhaifu kwa kuwa misuli ni michache. Kwa hiyo mzee asiyetetemeka si lazima awe hana baridi. Huenda mwili wake umeshindwa kutetemeka.

Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 35, hiyo ni hali ya hatari ya kiafya. Dalili zake ni hizo hizo mlizoziandika: uzito wa ulimi, usingizi usio wa kawaida, kupepesuka, na tumbo lililo baridi ukiligusa chini ya nguo. Mkimkuta hivyo, mbadilisheni nguo kama zimelowa, mfunikeni kichwa na kiwiliwili kwanza, mpeni uji wa moto kiasi kama yuko macho na anameza vizuri, na mpelekeni hospitali mkiwa mmemfunika. Msimsugue mikono na miguu wala msimpe pombe ya kumchangamsha. Pombe hufungua mishipa ya ngozi, mgonjwa akahisi moto wakati joto lake la ndani linazidi kupotea.

Kwa siku za kawaida, kofia ya sufu, soksi, nguo mbili tatu nyepesi zilizovaliwa pamoja badala ya koti moja zito, na kitu kinene cha kutandika chini ya godoro, kwa sababu sakafu huiba joto kuliko watu wanavyofikiri. Chupa ya maji ya moto inafaa, lakini ifungeni kwa kitambaa kinene na muijaribu kwa kiwiko chenu kabla ya kumpa. Nimewahi kumhudumia mzee mwenye kisukari aliyelala na chupa hiyo miguuni hadi alfajiri. Aliamka akijisikia vizuri, na mkwewe ndiye aliyeyaona malengelenge alipomvisha viatu. Mguu wake haukumwambia chochote. Na kama mna nafasi ndani ya nyumba kubwa, mhamisheni alale humo kwa miezi hii ya kipupwe, hata kama atanung'unika.

SWALI: Daktari, mimi ni mkaazi wa Mombasa. Nyanya yangu alikuwa amelala siku tatu, hali chakula, amezubaa. Tulimpima joto tukapata 37.4, tukasema hana homa, tukangoja. Tulipompeleka hospitali waligundua ana nimonia. Inakuwaje mtu awe na nimonia bila homa? (Mjukuu, Mombasa)

JIBU: Pole kwa mliyopitia. Nyanya yako alikuwa na homa, ila ilikuwa homa ya kizee. Mwili ukivamiwa na vijidudu, ubongo hupandisha kiwango cha joto unachokitaka, kisha huamuru mishipa ya ngozi ijibane na misuli itetemeke ili kukifikia. Vyombo hivyo viwili ndivyo vile vile nilivyowaeleza wasomaji wa Tanga na Njombe kuwa hudhoofika. Amri hutoka, lakini watekelezaji wamechoka, na joto hupanda kidogo tu.

Jambo la pili ni mahali anapoanzia. Ile nyuzi 37 tunayoikariri sote ilienezwa na daktari wa Kijerumani, Carl Wunderlich, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1868 baada ya kupima maelfu ya watu kwapani, na yeye mwenyewe aliona kwamba wazee huwa chini ya hapo kwa karibu nusu nyuzi. Mzee ambaye siku zake za uzima hupima 36.2, akifika 37.4 amepanda zaidi ya nyuzi 1, na kwa mzee upandaji wa nyuzi 1.1 juu ya kawaida yake unatosha kututia wasiwasi wa maambukizi. Kadhalika kipimo cha mdomoni kinachozidi 37.8 mara moja tu, au kinachorudia kuzidi 37.2.

Kwa hiyo mpimeni nyanya akiwa mzima, asubuhi kwa siku tano au sita, kwa kipimajoto kile kile na mahali pale pale, muandike kwenye daftari. Hiyo ndiyo 37 yake. Na hata kipimajoto kisipoonyesha kitu, mzee anayeacha kula ghafla, anayezubaa, anayeanguka au anayeanza kujikojolea wakati hakuwa na tabia hiyo, apelekwe akapimwe kifua, mkojo na malaria. Kungoja joto lipande ndiko kulikowapotezea siku tatu.

SWALI: Assalaamu alaykum daktari. Naishi Maskati na familia yangu. Mama yangu wa Unguja, mwenye miaka 74, anataka kuja kutuona mwezi wa Juni. Wenzangu wananiambia kwamba amezoea joto la pwani, hivyo hatapata shida. Ni kweli? (Msomaji, Maskati)

JIBU: Waalaykumu ssalaam. Joto la Unguja na la Maskati mwezi wa Juni ni vitu viwili tofauti. Mama amezoea hewa isiyozidi sana nyuzi 33, iliyo chini ya joto la ngozi yake, kwa hiyo hata damu kidogo inayofika kwenye ngozi hupata pa kuachia joto. Huko kwenu hewa ya mchana hufika nyuzi 40 na kuzidi. Hapo ngozi haitoi joto kwenda hewani bali hulipokea, na njia pekee inayobaki ni jasho, ambalo kwake limepungua. Feni nayo, hewa ikishavuka nyuzi 40, huwa kama kumpulizia mtu mvuke wa sufuria.

Tena kuna suala la usiku. Mwishoni mwa Juni 2018, huko Qurayyat, kusini ya Maskati, kulipita saa 24 ambamo joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 hata alfajiri. Moyo wa mzee uliofanya kazi mchana kutwa ya kusukuma damu kwenye ngozi huhitaji usiku wa kupumzika, na usiku wa namna hiyo haumpi. Agosti 2003 Ufaransa ilipata majuma mawili ya joto ambalo halikupoa usiku, na vifo vilizidi kawaida kwa karibu watu 15,000, wengi wao wenye miaka 75 na zaidi, na wengi wakiwa peke yao majumbani. Watu hao hawakuwa jangwani. Walikuwa mijini, vyumbani mwao.

Ushauri wangu ni kwamba mama aje kati ya Novemba na Machi. Ikiwa kuna arusi au jambo lisiloahirishika, basi aje, lakini chumba chake kiwe na kiyoyozi kilichowekwa kwenye nyuzi 25 au 26, na yeye awe na soksi na shali ili asikuombe ukizime. Siku zake za mwanzo asitoke kati ya saa nne asubuhi na saa kumi na moja jioni, na asiachwe ndani ya gari lililosimama hata kwa dakika chache za dukani. Ukimwona amechanganyikiwa na mwili una moto, iwe ngozi ni kavu au ina jasho, hicho ni kiharusi cha joto: piga simu ya dharura, mmwagie maji mwili mzima na umpepee kwa nguvu hapo hapo alipo, wala usingoje gari lifike ndipo uanze kumpoza. Kabla hajasafiri, aende na orodha ya dawa zake kwa daktari wake wa Unguja, amweleze anakokwenda na mwezi anaokwenda, kwa sababu kidonge kinachomfaa Juni ya Unguja huenda kikahitaji kupunguzwa kwa Juni ya Maskati.